Bwana Ipo na Nyota ya Jioni

Mtunza stoo wa shule ile ya wasichana alikuwa na tabia ya kuacha uzi mlangoni. Kila jioni alifunga kufuli mbili, akazivuta mara tatu, kisha akatoa mfukoni uzi mwembamba aliouokota chini ya cherehani ya mkewe na kuubana kati ya mlango na fremu, usawa wa goti. Asubuhi aliinama kuutazama kabla hajagusa funguo. Uzi ukiwa mahali pake, aliguna. Ukiwa umeanguka, hata kama ni upepo, siku hiyo hakumsalimu mtu mpaka amalize kuhesabu.

Wanafunzi walimwita Bwana Ipo. Daftari lake la mali, kubwa kama meza ndogo, lilikuwa na safu mbili pembeni mwa kila ukurasa: Ipo na Haipo. Kila mwisho wa mwaka alilipitia kuanzia ukurasa wa kwanza, akitia alama na sahihi. Kwa miaka kumi na tisa safu ya Haipo ilikuwa nyeupe kama shuka jipya. Hakuwa na cheo wala gari, na koti lake lilikuwa limefifia mabegani, lakini safu hiyo nyeupe ilimfanya atembee kifua mbele kuliko mkuu wa shule mwenyewe.

Mtu wa namna hii tunaye karibu katika kila ofisi. Anahesabu vipande vya chaki vinavyorudi. Anauliza ufagio umekwisha vipi wakati sakafu bado ni chafu. Mwalimu wa kwaya alipoazima kengele, alisainishwa mara mbili, wakati wa kuichukua na wakati wa kuitikisa ili ithibitike kwamba inalia.

"Mimi simshuku mtu," alipenda kusema. "Nashuku vitu. Vitu vina miguu."

Ufunguo wa pili wa stoo alikuwa nao msafishaji, ambaye alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Miaka sita nyuma, mama huyo alipofiwa na mumewe, Bwana Ipo ndiye aliyemwombea kazi. Tangu siku hiyo alimshuku kuliko wengine wote, ili asitokee mtu wa kusema kwamba anamlinda ndugu. Kila jioni alimsimamisha mlangoni na kumfungua mkoba.

"Kagua vizuri, shemeji," mama yule alimwambia. "Ubao wa kidato cha tatu nimeukunja, uko chini ya leso."

"Utani uache nje ya stoo."

"Nitauacha kesho. Leo nimeshaingia nao."

Bwana Ipo hakucheka. Alikunjua leso, akaitazama, akaikunja tena.

Mambo yalianza alipoletwa mwalimu mpya wa jiografia, binti mwembamba mwenye sauti ya kusikika mpaka uwanjani. Kidato cha pili walikuwa wanaanza somo la anga, na alikuwa ameambiwa kwamba shule ina sanduku la mipira ya jua na sayari.

Bwana Ipo alifungua daftari ukurasa wa sitini na moja. Sanduku lilikuwepo, na mbele yake zilipangana alama kumi na tisa za Ipo, moja kwa kila mwaka.

"Unataka kulipeleka wapi?" aliuliza.

"Darasani, mzee."

"Kufanya nini?"

"Kufundishia."

"Na litarudi lini?"

"Sayari zikimaliza kuzunguka," alisema mwalimu akitabasamu. Alipoona uso wa mzee haujabadilika, akaongeza haraka, "Ijumaa."

Mzee alipanda ngazi na kulishusha kutoka rafu ya juu kabisa. Vumbi lililokuwa juu ya kifuniko lilikuwa zito kiasi kwamba vidole vyake viliacha mashimo. Ndani, kila mpira wa mbao ulikuwa umeviringishwa gazeti la zamani. Alivitoa vifurushi kimoja kimoja, akavifungua, na makaratasi akayaacha yaanguke humohumo sandukuni. Mwalimu alisoma majina yaliyopakwa kwenye mipira: Jua, Utaridi, Zuhura, Dunia, Mwezi, Mirihi, Mshtarii, Zohali na pete yake, Uranusi, Neptuni.

"Kumi," alisema mwalimu. "Imekamilika."

Bwana Ipo alirudi kwenye daftari. Alikuwa ameweka kidole daftarini, na kidole hakisogei. Kitabu kilisema kumi na moja.

"Mmoja haupo," alisema taratibu.

"Upi?"

Alilifunika daftari kwa mkono wake wote, kama mwanafunzi anayeficha mtihani. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Mstari uliobaki bila mpira ulisomeka "Nyota ya jioni, 1". Jina hilo hatalitaja mbele ya mtu. Mwizi ndiye anayejua alichochukua, na ipo siku ulimi utamponyoka. Aliihesabu mipira kumi, akamsainisha mwalimu, akampa beseni la kuibebea. Sanduku tupu hakumpa. Hilo sasa lilikuwa ushahidi. Alilifunika pamoja na makaratasi yake, akalifunga kamba, akabandika utepe wa gundi na kupitisha sahihi yake juu ya utepe.

Siku hiyohiyo alimwandikia mkuu wa shule barua. Iliandikwa vizuri, bila neno la ziada: mpira mmoja wa sayari umetoweka stoo, wenye funguo ni wawili, mmoja wao ni yeye mwandishi wa barua, ambaye kumbukumbu zake ni safi kwa miaka kumi na tisa. Hakulitaja jina la shemeji yake. Halikuhitaji kutajwa.

Mkuu wa shule alimwita msafishaji. Alimpa mpaka Ijumaa saa nne, kamati ya shule itakapokaa: mpira urudi, au aondoke kazini.

Nyumbani, mke wa Bwana Ipo alisimamisha cherehani alipomwona akiingia.

"Umemwandikia mdogo wangu barua ya wizi."

"Nimeandika kilichotokea. Sheria haina shemeji."

"Mpira wa mbao aufanyie nini? Ana watoto watatu, hata mmoja hachezi mpira wa mbao."

"Watu huiba hata vijiko vilivyopinda."

"Kumbe hata mimi unanishuku."

Hakumjibu, na mkewe akalichukua jibu hilo kama lilivyo. Alirudi kushona, na kwa siku mbili mazungumzo ya nyumba ile yakawa ya cherehani peke yake.

Jumatano shemeji alimfuata stoo mwenyewe, mkoba umeshafunguliwa.

"Shemeji, tuache ubishi. Niambie mpira wenyewe ni wa rangi gani, nikautafute. Labda uliviringika chini ya rafu."

Macho ya mzee yalijikunja. "Rangi unaijua wewe."

"Ningeijua nisingekuuliza."

"Ndivyo wanavyouliza."

Mama yule alifunga mkoba wake taratibu. "Watoto wangu wanakula kwa kazi hii, na wewe unajua. Kama ni nyeusi, sema nyeusi. Kama ni njano, sema njano."

Aliondoka. Bwana Ipo alibaki amesimama kati ya rafu, na swali lile likamwasha kama kijiwe ndani ya kiatu. Rangi ya mpira ule hakuijua. Alijaribu kuukumbuka na hakuona kitu. Akajiambia kwamba miaka ni mingi, akaenda kuhesabu sabuni.

Alhamisi ilikuwa siku ya somo. Bwana Ipo alilichukua beseni mezani kwa mwalimu, akalibeba mwenyewe hadi darasani, akakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili mipira kumi isije ikawa tisa. Wasichana waligeuka kumtazama wakicheka chini kwa chini.

Mwalimu alifunga mapazia na kuwasha taa moja mezani. "Hili ni Jua letu," alisema. "Jua ni nyota. Nyota inawaka kwa mwanga wake yenyewe. Sayari haina mwanga wake. Inauazima kwa Jua, nasi tunauona ukirudi kwetu."

"Inaazima kama sisi kwa Bwana Ipo?" aliuliza msichana mmoja.

"Kama ninyi. Ila sayari haisaini."

Darasa lililipuka. Mzee alikaza macho kwenye beseni.

Mwalimu alimsimamisha msichana mrefu mbele ya taa. Yeye ndiye Dunia, na macho yake ndiyo mji wetu. Kisha akachukua mpira mweupe wa Zuhura na kuushika upande wa kushoto wa taa.

"Geuka polepole kuelekea kushoto kwako, mpaka taa ikupotee machoni. Haya, Jua limezama. Umebakiwa na nini?"

"Naona Zuhura, kwa mbali kule kulia."

"Hiyo watu huiitaje?"

"Nyota ya jioni!" walijibu wengi.

Nyuma ya darasa, mgongo wa Bwana Ipo ulinyooka.

Mwalimu aliupitisha mpira mbele ya taa, akaushika upande wa kulia. "Zunguka sasa, malizia usiku wako. Nini kinatangulia kutokea?"

"Zuhura. Halafu taa."

"Na hiyo?"

"Nyota ya asubuhi!"

"Zuhura hakai mbali na Jua. Kwa miezi mingi mnamwona magharibi baada ya Jua kuzama, halafu anapotea kidogo, halafu anatokea mashariki kabla halijachomoza. Watu wakampa majina mawili. Na tunamwita nyota kwa mazoea tu, maana ni sayari."

Kiti cha nyuma kililia. Bwana Ipo alikuwa amesimama.

"Mwalimu. Mpira huo ni uleule?"

"Uleule, mzee."

"Hukuubadilisha?"

"Mkono wangu huu hapa. Kagua."

"Basi ule wa jioni uko wapi?"

Wasichana walicheka mpaka mmoja akaegemea dirisha. Mwalimu peke yake hakucheka. "Ndio huu," alisema.

Mtu mwingine angeelewa palepale. Lakini aliyezoea kushuku huwa na mlango wa pili kila mahali, na Bwana Ipo aliutumia. Jina alilolificha siku nne, jina ambalo hakuna aliyeambiwa, limetajwa katika somo la mwalimu! Na mwalimu huyu hunywa chai na msafishaji kila mapumziko, kwenye benchi moja. Mmoja amechukua, mwingine ametunga somo zima la kufuta mpira usionekane umepungua. Alirudi stoo na beseni lake, akahesabu kumi, akaanza rasimu ya barua ya pili. Alipofika kwenye jina la mwalimu kalamu ilisita. Hakuwa na shahidi.

Alimtafuta shahidi kwake. Jua lilikuwa linazama na mkewe alikuwa anamalizia upindo wa sketi karibu na dirisha.

"Wewe hukaa hapa kila jioni," alianza. "Umewahi kuiona nyota ya jioni?"

Mkewe alimtazama kwanza aone kama ni mzima. "Mwanzo wa mwaka ilikuwepo pale, juu ya paa la jirani. Kubwa, haimemeti. Ikawa inashuka kila wiki, ikapotea."

"Ikaenda wapi?"

"Nitajuaje ilikokwenda? Nilipoanza kuamka mapema kwa zile sare za shule, nikaanza kuiona ile ya asubuhi, upande wa mlango."

"Zote mbili umewahi kuziona siku moja?"

Mkewe alifungua mdomo, akaufunga, akafikiri. "Hata siku moja. Ikiwepo hii, ile haipo."

"Nani amekutuma useme hivyo?"

"Cherehani," alisema mkewe, akakanyaga pedali.

Ijumaa alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri. Kule mashariki, juu ya mnara wa maji, ilikuwepo moja, nyeupe na tulivu. Aligeuka akatazama magharibi muda mrefu, kama anayesubiri mtu atoke mafichoni. Hakukuwa na kitu.

Uzi ulikuwa mahali pake mlangoni. Safari hii hakuguna. Alilishusha sanduku, akakata utepe uliokuwa na sahihi yake, akayatoa makaratasi yote mpaka sakafu ya sanduku ikaonekana. Ilikuwa ya mbao nene, imechimbwa mashimo ya duara ya kulaza mipira. Shimo pana la Jua. La Mshtarii. La Zohali, lenye mfereji wa pete. Dogo kabisa, la Mwezi. Alihesabu kwa kidole. Kumi. Alihesabu kuanzia upande wa pili. Kumi. Alipapasa mbao kutafuta kiraka, mahali ambapo mtu angeweza kuziba shimo la kumi na moja. Mbao ilikuwa laini, kipande kimoja.

Mwizi anaweza kuondoka na mpira. Shimo haondoki nalo.

Ndani ya kifuniko ilikuwa imebanwa karatasi iliyokuja na sanduku. Aliibandua. Mistari ilikuwa imebanana, na mmoja ulikuwa mrefu kuliko upana wa karatasi, ukakatika na kuendelea chini. Juu uliandikwa "Zuhura, nyota ya asubuhi". Chini yake "na nyota ya jioni". Mtunza stoo mpya, mwaka wake wa kwanza kazini, alinakili daftarini mstari kwa mstari, akaandika moja, akaandika moja, akajumlisha kumi na moja. Mwandiko ule aliujua vizuri sana.

Hapo angeweza kupumua. Kosa la kunakili ni dogo, linasameheka. Lakini macho yake yaliteremka kwenye alama za Ipo. Zilikuwa kumi na tisa, na kila moja ilikuwa na sahihi. Mara kumi na tisa aliapa kwamba ameziona nyota mbili, na hata mara moja hakuwahi kufungua sanduku. Ndiyo maana hakuwa na rangi ya kumwambia shemeji yake.

Saa mbili alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, na alimweleza yote. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mzee, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Andika tu kwamba mpira umeonekana. Kamati isikae, mambo yaishe."

Ilikuwa njia laini, na nakiri kwamba wengi wetu tungeipita. Bwana Ipo aliikunja kofia yake.

"Ukionekana, watauliza ulionekana wapi," alisema mwishowe. "Wataangalia mkoba wa shemeji yangu. Watauangalia mpaka azeeke. Hapana, Mkuu. Kamati ikae."

Ilikaa saa nne. Msafishaji aliketi karibu na mlango, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Mwenyekiti, mwashi mstaafu mwenye sauti nzito, alilivuta daftari karibu.

"Alama hizi ulitia wewe?"

"Mimi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Bila kufungua sanduku?"

"Bila kulifungua."

"Basi hapa aliyekuwa anadanganya ni nani?"

"Mimi," alisema Bwana Ipo. Kisha akamgeukia mama yule mbele ya watu wote. "Shemeji, nimekushuku kwa kitu ambacho hakijawahi kuwepo."

"Na rangi yake?"

"Hakina."

Mama yule hakucheka, wala hakusema nimekusamehe. Alisimama, akatundika mkoba begani, akaenda kufagia ukumbi, maana ilikuwa zamu yake.

Bwana Ipo alipewa onyo la maandishi na agizo la kuhesabu stoo nzima upya, kitu kwa kitu, mbele ya shahidi. Shahidi aliyechaguliwa alikuwa shemeji yake. Walikaa humo wiki tatu, yeye akisoma daftari, mama akifungua maboksi na kusema kwa sauti kilichomo. Kwenye boksi la vipimajoto vilivyoandikwa kumi na viwili walikuta tisa. Mzee alishika kalamu muda mrefu.

"Andika, shemeji. Neno hilo halina meno."

Akaandika Haipo, mara yake ya kwanza. Kufikia mwisho safu ile haikuwa nyeupe tena, na wasichana wakambadilishia jina bila kumwomba ruhusa. Uzi wa mlangoni hakuuacha. Tabia ya mtu haiishi kwa kikao kimoja. Lakini mkoba wa shemeji yake hakuukagua tena, na jioni ya kwanza alipompungia mkono apite, mama yule alisimama palepale, akaufungua mwenyewe na kumgeuzia leso nje ndani, polepole, mpaka mzee akaangalia chini.

Ilipita karibu mwaka kabla mama yule hajafika tena nyumbani kwa dada yake. Alikuja Jumamosi moja kuchukua sare za wanawe, na Jua lilikuwa limetoka kuzama. Alisimama dirishani nyuma ya cherehani, akatazama juu ya paa la jirani.

"Shemeji," aliita, bila kugeuka. "Njoo hapa. Hii ni moja au mbili?"

Bwana Ipo aliinuka kitini. Aliangalia magharibi, kisha akatoka mpaka mlangoni akaangalia na mashariki, akarudi.

"Moja," alisema. "Nimeikagua."

"Na ya rangi gani?"

"Nyeupe."

Mama yule alimsogezea kiti.